Mikono Miwili ya Kushoto

Mtaani wananiita Mkasi, na si kwa sababu nashona. Ni mdomo. Fundi ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Mimi kazi yangu ni kupiga pasi, kushona vifungo na kujibu wateja wakorofi.

Mwaka huu maji yalizidi unga. Kaka alianguka akipaua nyumba ya watu, akavunjika nyonga, akawa wa kulishwa na kugeuzwa kitandani. Wifi anamhudumia alfajiri, anakuja dukani, anafumba macho mbele ya cherehani na kuomba, "Baba, nishike mkono leo." Kisha anakanyaga pedali. Mimi nilikuwa nimenuna. Nikamwambia wazi, "Huyo Baba yako mbona anakushika kwa kukuminya?" Akacheka tu.

Kazi pekee ya maana tuliyokuwa nayo ilikuwa gauni la harusi. Mama wa bibi harusi alileta lesi nyeupe, ya kutosha gauni moja na si zaidi. Likipendeza, wapambe wote wangeshonewa kwetu. Likiharibika, tungefunga duka.

Sasa, mikono ya gauni hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, uso kwa uso, ndipo upate wa kulia na wa kushoto. Wifi, aliyekuwa amekesha na mgonjwa, alipanga vipande vyote viwili vikitazama juu, akakata. Niliona nilipoichukua kuipiga pasi.

"Wifi! Hii yote ni ya kushoto!"

Akaigeuza huku na huku, akaketi sakafuni. Jamani, nilitamani kulia. Lakini akili yangu haikawii.

"Hamna neno. Tunamwambia mteja kitambaa kilipungua, aongeze. Nani atajua?"

"Kosa ni langu, wifi."

"Kosa ni la nyonga ya kaka! Una mgonjwa ndani, utakubali kufa kikondoo?"

"Siwezi kumwomba Mungu anishike mkono asubuhi, mchana niufiche."

Nikamwambia utakatifu haupikwi sufuriani.

Mama wa bibi harusi alipoingia, wifi hakungoja hata akae. "Mama, nisamehe. Nimekosea kukata, mikono yote imetoka ya kushoto. Kitambaa chako kilitosha. Aliyeharibu ni mimi."

Lo! Mama yule alitusema mpaka majirani wakachungulia. Mimi, Mkasi mzima, nikajifanya natafuta vifungo. Akakusanya lesi yake, vipande na vyote, akaondoka bila kuaga. Wifi akafagia nyuzi, akaendelea kutia viraka suruali ya mtu. Alionekana mtulivu kama aliyekula akashiba, na mimi nilimwonea hasira na wivu kwa pamoja.

Kesho yake mama akarudi, lesi kwapani, binti yake nyuma. Safari hii aliketi.

"Jana nilikwenda kwa fundi mwingine," akasema. "Hata kupima hajapima, ananiambia kitambaa hiki hakikutosha tangu mwanzo, niongeze. Nikakukumbuka wewe."

"Na mimi nilitaka mikono mifupi tangu siku ya kwanza," binti akadakia. "Mama ndiye king'ang'anizi."

Mama akamkata jicho, kisha akacheka mwenyewe. "Haya, fundi. Mifupi itatoka?"

"Itatoka, mama. Vipande hivi vinatosha kukata upya."

"Basi kata. Lakini nasimama hapa hapa nikuangalie, sibanduki! Na wapambe nitawaleta wiki ijayo."

Walipoondoka niligeuka kumpongeza wifi. Nikamkuta analia.

"Nini tena? Si tumepata?"

"Niliogopa, wifi. Ule uongo ulikuwa mdomoni kabisa, nikawa naumeza. Usiku namgeuza kaka yako, najiuliza kesho tutakula nini. Sikupata usingizi hata kidogo."

Kumbe! Miaka yote nilidhani imani kwake ni rahisi kwa sababu hana woga, kama vile wengine walivyozaliwa hawana aibu. Kumbe alisema kweli huku anaogopa. Nilimpenda siku hiyo kuliko ndugu wa tumbo moja.

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye. "Tuombe," nikasema.

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikaanza mimi, maana yeye bado alikuwa analia. Nusu ya maneno niliyakosea, naye akanicheka katikati ya machozi, mpaka tukasema amina wote wawili.