Pimeni Mpira wa Breki Tairi Likiwa Linaning'inia

Ninyi wenye watoto mafundi, someni haya hata kama gari hamlijui mbele wala nyuma. Mimi ni mshonaji, niliishia shule ya msingi, lakini niliyoyaona siku ile siwezi kukaa nayo kimya.

Pikapu ya marehemu mume wangu ilikaa uani miaka minne, ekseli ya nyuma imekatika. Shemeji yangu alitaka ikatwe, iende chuma chakavu. Binti yangu, ambaye gereji nzima wanamwita Spana, akakataa katakata. Wakapatana: ikipanda kilima cha machimbo Jumamosi ya wiki ya tatu na mzigo wa mawe, inabaki. Ikishindwa, inakatwa.

Wiki tatu mwanangu aliishi chini ya gari. Alifunga ekseli nene iliyotolewa kwenye gari kubwa lililoanguka, akahamisha springi kutoka chini ya ekseli akaziweka juu yake, gari likainuka karibu shibiri nzima. Mimi nampelekea chai, roho juu juu.

Jumamosi asubuhi shemeji akaja, mikono nyuma.

"Hili sasa ngamia. Tutapandia ngazi?"

"Wewe baba mdogo tutakupandisha kwa jeki," Spana akamjibu.

Nikainama kukagua, futi yangu ya kupimia nguo ikiwa shingoni, kama ninavyokagua nguo kabla mteja hajaichukua. Nikaona mpira mweusi umetoka kwenye fremu kwenda kwenye ekseli, umenyooka kabisa.

"Huu wa nini?"

"Wa breki, mama. Unapeleka mafuta nyuma. Uko sawa."

"Mwanangu, mimi nikibana kwapa namna hii, mtu akiinua mkono nguo inachanika. Tairi likining'inia je?"

"Shemeji, toa hiyo futi shingoni!" shemeji akacheka. "Unalipimia suruali?"

Spana hakucheka. Akaweka jeki chini ya fremu, akainua. Tairi likashuka, ekseli nayo ikashuka, na ule mpira ukakaza kama uzi wa cherehani, ukaanza kuvuja kwenye kiungo. Alikuwa ameupima gari likiwa limesimama tu. Akakaa chini kwenye vumbi, macho yamemtoka.

"Mama, niongeze kiasi gani?"

"Tairi lishuke mpaka mwisho, halafu vidole vinne vya akiba."

Akafunga mpira mrefu, akatoa hewa kwenye breki, akapima tena kwa jeki. Saa saba mchana tulikuwa machimboni, mawe yamejaa mpaka juu.

Spana akashika usukani, shemeji akaketi pembeni yake, eti ashuhudie. Katikati ya kilima tairi moja la nyuma likaning'inia juu ya korongo, gari likainama, likaanza kurudi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Spana akakanyaga breki, na gari likasimama kama limepigiliwa msumari. Kisha akalivuta taratibu kwa gia nzito, likanguruma, likapanda, likapanda, mpaka kileleni! Wachimba mawe wakarusha kofia juu. Mimi nilicheza pale pale, futi shingoni.

Shemeji alishuka, akalizunguka gari mara mbili.

"Spana, Jumatatu nina mawe ya kubeba."

"Panga foleni, baba mdogo. Jumatatu gari linampeleka mama kununua vitambaa."

Basi nawaonya: mkiongeza kimo cha gari, msiridhike likiwa limesimama chini. Acheni tairi lining'inie, ndipo muutazame ule mpira. Wangu ungekatika pale kilimani, leo ningekuwa naandika mengine.