Nagasaki Iko Mbali

Mama alikuwa na tabia ya kuonja mchuzi, kukaa kidogo na kijiko mdomoni, halafu kusema, "Nagasaki iko mbali." Hakuwa akimwambia mtu. Aliiambia sufuria. Nimeyasikia maneno hayo tangu sijaanza shule, katika jiko letu nyuma ya duka la tofu, ile jibini ya soya, kule Kuroishi, theluji imepanda hadi usawa wa dirisha na mvuke wa soya umejaa nyumba nzima. Baba akiyasikia aliinamisha kichwa na kula haraka haraka, kama mtu anayechelewa safari. Mimi nilidhani kila mama duniani ana mji wake wa kuutaja akiwa anapika.

Mama ni mzaliwa wa Nagasaki, bandari ya kusini. Alikutana na Baba Tokyo, wote wawili wakiwa vijana wa kiwanda cha mikate. Kaka yake Baba alipokataa kurithi duka, Baba akaitwa nyumbani kaskazini, na Mama akamfuata. Walikubaliana kwamba fungate wataenda kula Nagasaki. Tiketi zilikwisha kukatwa. Wiki ya harusi babu akapooza upande mmoja, na tiketi zikarudishwa.

Baada ya hapo ilikuwa kila mwaka na lake. Tofu haina sikukuu. Watu wanaila asubuhi, na asubuhi ipo kila siku. Nikazaliwa mimi. Mashine ya kusaga ikavunjika. Bibi akaanguka, akalala kitandani miaka. Wazazi wa Mama nao walikuwa wamemfuata mjomba Osaka, wakafia huko, kwa hiyo hata misiba haikumfikisha kwao. Alienda Osaka, akazika, akageuza. Kila mwaka mpya Baba alisema, "Mwaka huu, Mama Kayo, bila kukosa," na Mama akajibu, "Haya," huku akipanga vyombo.

Majira ya kuchipua mwaka huu mgongo wa Baba ukasema basi. Tukalifunga duka. Wateja walileta tufaa na machozi. Mwezi wa sita, nikaomba likizo katika zahanati ninayofanyia kazi Sendai, na sisi watatu tukapanda ndege.

Nilitegemea Mama angeshangilia. Hakushangilia. Ndani ya basi kutoka uwanja wa ndege aliegemeza paji la uso kwenye kioo njia nzima. Kwenye nyumba ya wageni alikula vijiko viwili vya wali, akaoga, akalala. Baba akanisogelea.

"Mbona hafurahi?"

"Amechoka, Baba."

"Amechoka, au tumekawia?"



Asubuhi nilipofungua mlango wa chumba chao jua lilikuwa limeshatapakaa kwenye mikeka. Mama bado yuko usingizini. Baba ameketi pembeni, amekunja miguu, anamtazama. Maisha yao yote walikuwa wakiamka gizani, yeye akiwasha moto, mwenzake akiosha soya. Akaweka kidole mdomoni mwake kunionya nisipige kelele.

"Kumbe huwa analala amefungua mdomo," akanong'ona. "Sikujua."

Tukamwacha alale mpaka alipochoka mwenyewe kulala.

Siku hiyo tulipanda tramu, tukashuka, tukapanda tena. Mama alitangulia, sisi nyuma yake. Alisimama mbele ya maegesho ya magari, akasema hapa palikuwa na bafu la mtaa. Akasimama mbele ya duka la simu, akasema hapa paliuzwa samaki. Alisema kwa sauti ileile anayosomea tarehe kwenye kalenda. Kisha tukaanza kupanda kuelekea mtaa alikozaliwa, na huko hakuna barabara, ni ngazi juu ya ngazi, nyembamba, zinapinda katikati ya nyumba, na paka wamelala kila kona kama wenye mji.

Goti la Baba halikupenda. "Waliojenga mji huu walikuwa mbuzi?" akauliza, ameshika reli.

"Pumzika hapo, tutakuja kukuchukua," nikamwambia.

"Miaka yote nimengoja halafu nipumzike ngazi ya kumi? Panda wewe."

Nyumba haikuwepo. Palikuwa na kibustani cha vitunguu na maboga, na ngazi tatu za mawe zilizokuwa zikielekea mlangoni, sasa zinaelekea kwenye maboga. Mama alisimama hapo. Upepo ulitoka bandarini, na milio ya karakana ya meli ilisikika chini. 

"Choo kilikuwa pale," akasema mwishowe. "Penye boga kubwa."

Baba akamsogelea, akaishia kulitazama boga. Nadhani alitaka kuomba radhi, lakini huwezi kumwomba mtu radhi kwa ajili ya boga.

Ndipo sauti ikatoka juu yetu. Mwanamke wa rika la Mama alikuwa anashuka ngazi na kikapu mkononi, kofia ya kitambaa imemfunika mpaka masikioni. Alisema kitu ambacho sikukishika; nikahisi anatuuliza kama tumepotea. Mama akainua uso na kumjibu, na maneno yaliyomtoka hayakuwa ya Mama ninayemjua. Kule kwetu anasema Kitsugaru, lahaja ya kaskazini, kama mtu aliyezaliwa juu ya theluji. Bibi alimfundisha kwa ukali, kwa sababu bibi hakuelewa kingine. Sasa akatoa Kinagasaki, mwendo mmoja, kama maji ya bomba lililokuwa limeziba.

Mwanamke akatua kikapu. Akavua kofia. Hapo nikashika maneno machache.

"Sumi? Sumi wa kwa mchomelea meli?"

"Tokie wa kinyozi!"

Walipiga kelele hata paka wakakimbia. Walishikana mikono, wakaachana, wakashikana tena. Tokie akampiga Mama begani, Mama akampiga Tokie mgongoni. Na Mama akacheka. Sisi tumeishi na mwanamke anayecheka ameziba mdomo kwa kiganja. Huyu alicheka kichwa nyuma, akijipiga paja, kwa sauti iliyoshuka ngazi zote mpaka barabarani.

"Wanasema nini?" Baba akaniuliza.

"Sijui, Baba."

"Si mtoto wake wewe?"

"Na wewe si mume wake?"

Tokie akatugeukia, akatukagua kutoka viatu hadi nywele, kisha akazungumza polepole, kwa lugha ya redioni, ili tuelewe.

"Huyu ndiye mtu wa theluji aliyekuiba?"

"Ndiye," Mama akasema.

"Mfupi! Mimi nilidhani watu wa kaskazini ni warefu kama misonobari. Haya shemeji, twende ukale. Goti lako linalia nalisikia hapa."

Nyumba ya Tokie ilikuwa ngazi chache juu, imejishika mlimani kama kupe. Mumewe alishafariki, watoto wako Fukuoka. Alitukalisha sakafuni kuizunguka meza fupi, akatupangia bakuli na vijiti, akatuwekea kikapu cha biwa, yale matunda madogo ya njano ambayo Mama alikuwa akinielezea nikiwa na homa utotoni, na ambayo kwetu hayaoti. Mama alimenya la kwanza kwa kidole gumba, ganda likaambuka lote mara moja, akalila ameangalia dirishani. Alikula lingine. Hakutoa hata moja kwa mtu.

Jikoni kulikuwa na nyama ya nguruwe inachemka taratibu kwenye sosi ya soya. Tokie akafunua sufuria, akachota, akaonja. Akakaa kidogo na kijiko mdomoni.

"Aa," akasema. "Nagasaki iko mbali."

Vijiti vya Baba vikaanguka mezani.

"Shemeji," akasema, "hebu rudia."

"Nini? Nagasaki iko mbali."

"Lakini si tuko Nagasaki?"

Tokie akamwangalia Mama, Mama akamwangalia Tokie, na wote wakaangua kicheko. Tokie alilazimika kushika ukingo wa jiko.

"Maskini, hajui! Shemeji, ni usemi wetu wa jikoni. Zamani sukari iliingia kwa meli, hapa hapa bandarini. Sisi tuliila bila hesabu. Ukienda mbali kidogo, haipatikani. Kwa hiyo chakula kikikosa utamu tunasema Nagasaki iko mbali. Maana yake, lete sukari!" Akatia kijiko kilichofurika, akakoroga. "Ndiyo hiyo. Hakuna siri."

Baba hakucheka. Alimgeukia Mama taratibu kwa sababu ya mgongo.

"Mama Kayo. Miaka yote ile. Ulikuwa unataka sukari?"

"Sasa wewe ulidhani nini?" Mama alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko.

"Nilidhani unalilia kwenu."

"Mimi?"

"Kila ukisema, chakula kilikuwa kinanikwama hapa." Akajigusa koo. "Nakula haraka niondoke mezani."

"Sukari, shemeji!" Tokie akapiga kelele. "Kijiko kimoja tu cha sukari! Ungemnunulia hata pakiti!"

Nami nikaliona jiko letu la zamani. Bibi akigeuka kuchukua bakuli, na mkono wa Mama ukipita juu ya sufuria haraka, vidole vimeshika kitu cheupe. Kisha Bibi akionja na kufoka, "Nani ameua supu yangu?" na Mama akitazama dari. Mimi mwenyewe, kwangu Sendai, ninatia sukari kwenye kila mchuzi, na wenzangu wa zahanati hunicheka, na sikuwahi kujiuliza nimeitoa wapi. Harufu ya sufuria ya Tokie ilikuwa ni harufu ya nyumbani siku ambazo Bibi hayupo, siku za sherehe ndogo ambazo hakuna aliyezitangaza.

Mama aliacha kucheka. Akachukua bakuli la Baba, akalijaza nyama, akachagua vipande vyenye mafuta, anavyovipenda Baba.

"Mara nyingi ilikuwa sukari," akasema kwa Kitsugaru, ili Tokie asielewe. "Mama yako alipika chumvi tupu, alale pema. Mara nyingi ilikuwa sukari kweli."

Baba akangoja.

"Mara nyingine haikuwa sukari," akasema, na kumpa bakuli. "Kula, inapoa."

Baba akala. Safari hii hakukimbiza. Alitafuna kila kipande, akanywa mchuzi wote, akanyoosha bakuli kwa mikono miwili.

"Niongezee," akasema.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa na tiketi za boti ya kuzunguka visiwani; Baba alizikata mapema, akaziweka pamoja na dawa zake. Wakati wa kifungua kinywa Mama alizungusha kikombe cha chai mikononi.

"Tokie amewaita wenzetu wa darasa," akasema. "Wale waliobaki. Wanakuja kwake kumenya biwa za jamu. Lakini boti nayo..."

"Nenda," Baba akasema.

"Umeshalipa."

"Boti ni maji tu, Mama Kayo. Maji hata Kuroishi yapo. Nenda."

Alivaa upesi kuliko nilivyowahi kumwona akivaa. Akasahau mwavuli, akarudi kuuchukua, akaondoka bila kuaga vizuri.

Mimi na Baba tukatembea kwenye manyunyu. Alikuwa hajui kutembea bila kazi. Alisimama kila duka la chakula kutazama watu wanavyofunga vitu. Alipoona duka la tofu akaingia, bila shaka. Alinunua kipande kimoja, akakibonyeza kwa kidole ndani ya mfuko.

"Laini mno," akasema. "Haina msimamo."

Alikila chote, tumesimama chini ya paa la duka lililofungwa, mvua inachuruzika mbele yetu. Ndipo aliponisimulia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: kwamba kwa ajili ya ile fungate alinunua viatu vipya vya kahawia, vya ngozi, na alivivaa ndani ya nyumba jioni moja akitembea juu ya magazeti ili vimzoee. Mama alikaa mlangoni akimfundisha majina ya vituo vya tramu, moja baada ya jingine, naye akiyarudia huku anatembea.

"Bado unayakumbuka?"

Akayataja. Alikosea mawili. Nilikuwa na ramani mkononi, ila sikumsahihisha.

"Tulikuwa wajinga sana," akasema, akitabasamu kwa mvua. "Ulikuwa ujinga mtamu."

Jioni tukaenda kumchukua Mama. Tulingoja chini ya ngazi, maana Baba alisema goti limeshafanya kazi yake. Tukawasikia kabla ya kuwaona: wanawake watano au sita wanashuka pamoja chini ya miavuli, wanaongea wote kwa wakati mmoja, hakuna anayesikiliza. Mama alikuwa katikati, mikono yake ya njano kwa utomvu wa biwa. Aliagana nao kwa kelele, akaja kwetu huku bado anazungumza. Alimshika Baba mkono, akaanza kumsimulia jambo, jambo refu, na kila baada ya maneno machache alisimama acheke.

Alikuwa anamsimulia kwa Kinagasaki. Hakujijua.

Nilitaka kumwambia. Baba akanivuta mkono wa koti, akatikisa kichwa.

"Ehee," akamwambia Mama. "Halafu?"

Mama akaendelea. Tulitembea hivyo kuelekea kituo cha tramu, yeye akisema na kuonyesha kwa mikono, Baba akiitikia mahali alipodhani panafaa, mara nyingine akicheka mapema kidogo, mara nyingine akichelewa. Tramu ya kwanza ilikuja ikatupita. Hakuna kati yetu aliyeisimamisha.