Mashamba Yaliyokunjwa ya Lusangi

Waridi alikuwa akichambua matembele mlangoni pake, kijijini Lusangi, monitere Zéphirin, msimamizi wa kilimo wa Serikali, alipopita akipiga kengele. Alitangaza kwamba ardhi yote ya karibu na barabara sasa ni ya pamba. Viazi ving'olewe kabla ya Jumatatu. Mwenye kutaka chakula alime ng'ambo ya msitu, alikoruhusiwa na Serikali na kukatazwa na nguruwe mwitu.

Waridi alimaliza kuchambua. Ndani, binti yake Nuru alikuwa amelala, miguu imevimba na nywele zimegeuka nyekundu, kama watoto wengi tangu pamba ilipoingia. Viazi vilikuwa bado vidogo. Basi Waridi akaenda nyuma ya nyumba, akachutama ukingoni mwa shamba lake, akalikunja kama mkeka, mizizi na minyoo ndani yake. Akalifunga kamba, akalilaza kando ya ukuta chumbani. Pale lilipotoka alipanda pamba, kama alivyoamriwa.

Jirani yake Mathilde, mtu wa misheni, alikuja kuomba moto.

"Mama Nuru, kwako kunanuka mvua."

"Nimekunja shamba."

"Na siafu yake?"

"Hata siafu."

"Basi unifundishe. Lakini siafu yako isivuke kwangu, niko na mutoto muchanga."

Kabla juma halijaisha, nyumba zote zilinuka mvua. Lakini shamba lisiloona jua hupauka, na palikuwa na mahali pamoja tu patupu pa kutosha: barabara, ambayo wanawake wenyewe waliifagia kwa ajili ya motokari ya agronomu, Mzungu wa Serikali mwenye kuamuru pamba. Kila jioni, wakitoka kwenye pamba, waliyatandaza mashamba yao barabarani yapate jua la mwisho, wakapalilia, wakachuma kidogo cha kupika, wakakunja. Nuru akaanza kusimama kwa kushika ukuta.

Zéphirin alipokuja kukagua nyumba alikuwa amechoka, akaketi juu ya shamba.

"Mama Nuru, mukeka yako inaota majani."

"Haiko mukeka, Monitere. Unakalia viazi."

"Ndiyo maana matako inasikia baridi." Akafikiri. "Unipe mbili, nitanyamaza."

Akapewa viwili, akanyamaza kweli.

Lakini motokari ya agronomu ilifika kabla ya siku yake, jua likizama, ikakwama katika muhogo wa Mathilde. Agronomu akashuka. Akachukua udongo, akaunusa, akausifu. Akauliza unabebwaje.

"Kwa kichwa, Bwana," akasema Zéphirin.

Agronomu akatoa uamuzi, na hakuna aliyeona kasoro ndani yake. Kila mwaka Serikali ilisumbuka kusafirisha pamba mpaka mji wa Kasongo. Ikiwa ardhi yenyewe inabebeka, basi iende Kasongo, ilimwe mlangoni pa ghala la pamba. Wenye ardhi wataifuata.

"Na chakula, Bwana?" akauliza Mathilde.

Zéphirin akatafsiri. Agronomu akajibu kwamba chakula ni jambo la wenyeji, na Serikali haipendi kuingilia mambo ya wenyeji.

Wakaondoka alfajiri ya Jumatatu iliyofuata, kila mwanamke na shamba lake kichwani, askari nyuma. Nuru alikuwa mgongoni mwa mama yake. Walipopita kilima cha kwanza Waridi alihisi mchanga ukimwangukia shingoni. Mtoto alikuwa ameingiza mkono kwenye ncha ya shamba, na sasa alikuwa akitafuna kiazi.

"Iko tamu?"

"Iko na muchanga."

"Kula na muchanga yake."

Waridi akapunguza mwendo.

"Mama Nuru, umeota mizizi?" akaita Mathilde.

"Muzigo nzito," akasema Waridi, ingawa ulikuwa unapungua.

Mathilde akatazama, akasikia kutafuna. Naye akapunguza mwendo, akatafuna kipande cha muhogo, akakipitisha mgongoni kwa mtoto wake. Msafara wote ukawa wa mwendo wa pole, watoto wakila, askari wakipiga kelele. Hakuna aliyewahi kwenda Kasongo polepole kiasi kile, na bado walifika.

Mashamba yakatandazwa kando ya ghala. Hapakuwa na kiazi kilichobaki. Mbegu za pamba zikagawiwa, na kwa kuwa agronomu hakuwa mjinga, aliagiza kila pembe ipigiliwe kigingi cha chuma, shamba lisikunjike tena.

Zéphirin alipita na nyundo. Alipofika kwa Waridi, Nuru alikuwa amelala, amejaza tumbo kwa siku ile.

"Shika kigingi vizuri, Mama Nuru," akasema, "nisikupige vidole."

Akashika vizuri.