Mama Sindano Apimwa

Kwa miaka arobaini Mama Sindano aliwapima watu nguo, na miaka yote hiyo aliwakemea kwa kosa lile lile. "Acha kubana tumbo! Nguo utaivaa na tumbo lako, si la jirani." Kwa hiyo alichokifanya Jumatatu ile hakina utetezi.

Fundi Rula alikuwa amekuja kuirekebisha nyumba. Tangu nyonga ianze kumfanyia vituko, Mama Sindano alitembea amepinda, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine ukitafuta ukuta. Mwanawe aliyeishi mbali alishasema la mwisho kwenye simu: "Nakuja Jumamosi. Ukitoka kitandani ukaenda bafuni na kurudi bila kushikwa na mtu, unabaki. Ukishindwa, Mama, tunaondoka wote." Huko kwa mwanawe kulikuwa na chumba kizuri na mkwe mwenye moyo. Lakini hakukuwa na dirisha lake, wala cherehani iliyosomesha watoto wanne, wala majirani wa kuwasema. Aliogopa kuhama kuliko kuanguka.

"Simama unavyosimama siku zote, mama," alisema Fundi Rula, penseli kaipachika sikioni.

Basi mama wa watu akavuta pumzi, akanyoosha mgongo, akainua kidevu kama askari wa gwaride. Nyonga iliwaka moto, yeye akatabasamu. Fundi akapima mkono wake ulipofikia, akaandika. Kufikia Alhamisi ngazi za mlangoni zilikuwa zimegeuzwa mteremko wa zege, kizingiti cha bafu kimeng'olewa, na vyuma vya kushikia vimefungwa ukutani kutoka kitandani hadi bafuni. Kazi safi. Hata jirani ambaye mvua yenyewe huitia kasoro alikosa la kusema.

Ijumaa asubuhi akajaribu. Chuma cha kwanza kilimfanya anyooshe mkono juu kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Cha tatu hakukifikia kabisa. Akakwama katikati ya korido, jasho likimtoka, mpaka Fundi Rula, aliyekuja kuchukua vifaa vyake, akamfikisha kitini.

Fundi akafungua daftari, akapima ukuta upya, mara mbili. Uso ukamshuka. "Vipimo ndivyo hivi hivi. Sijui nimekosea wapi, mama. Labda niache kazi hii."

Mama Sindano angeweza kunyamaza, maana mwenzake alishajitwika lawama. Lakini kumwona fundi akitilia shaka kipimo chake kulimuuma kuliko nyonga.

"Hujakosea," alisema. "Nilibana tumbo."

"Ulifanya nini?"

"Nilijinyoosha! Sijasimama vile tangu harusi ya mwanangu. Niliona aibu, basi."

Fundi alimkodolea macho, kisha wote wawili wakaangua kicheko, Mama Sindano mpaka akashika nyonga.

"Nipe tepu yangu na chaki," akasema. "Leo napima mimi."

Alipita korido nzima amepinda vile vile alivyo, fundi akimshika kiuno, na kila mkono ulipoangukia akachora mstari. Kisha chini ya kila mstari, vidole vitatu hivi, akachora mwingine. "Vyuma uvishushie kwenye mistari ya juu. Na hapa chini utoboe, halafu uzibe." Fundi alitaka kuuliza, akaona bora atoboe.

Jumamosi mwanawe akaingia na begi kubwa tupu. Mama Sindano hakumpa nafasi ya kuhutubia. Aliinuka kitandani, akashika chuma hiki, akashika kile, akaingia bafuni, akarudi, akaketi. "Haya, sema."

Mwana akaanza kukagua ukuta. "Na haya matundu ya chini yaliyozibwa? Fundi alikosea?"

"Unakumbuka kaptula zako za shule?"

Alizikumbuka. Kila moja ilikuwa na pindo nene kwa ndani, na kila mwaka mama yake aliliteremsha kidogo.

"Nilikuachia pindo kwa sababu nilijua utarefuka," alisema Mama Sindano. "Na mimi najua ninakoelekea, ni kuzidi kupinda. Nimejiachia langu."

Mwana akapitisha kidole juu ya tundu. Kisha akalichukua begi lake, akalirudisha garini. Aliporudi, alishika chuma cha kwanza.

"Siku ya kuvishusha vyuma hivi uniite. Nitavishusha mimi."

"Kwanza ujifunze kushika bisibisi," alisema mama yake, akageukia dirisha lake ili mwanawe asimwone anavyolia kwa furaha.