Wanaojaza Gari la Othaya

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, katika steji ya magari ya Othaya mjini Nyeri, magari mawili yalikuwa yanangoja. Moja lilidai shilingi mia, lingine mia na hamsini. Nyawira alisimama katikati akichunguza vioo.

Kila msafiri wa hapo anajua kwamba makanga huajiri watu wa kukaa ndani ili gari lionekane limejaa. Abiria wa kweli akifika, mmoja wao hushuka. Tangu mwaka jana kazi hiyo hufanywa na wafu, kwa kuwa wanatosheka na kikombe cha chai. Hutoka makaburini alfajiri wakiwa na suti walizozikwa nazo, na hukaa kwa adabu zaidi kuliko walio hai.

Kuwatambua si kazi. Julai Nyeri ni baridi, na aliye hai akipumua, kioo chake hushika ukungu. Cha mfu hubaki safi. Gari lenye ukungu mwingi ndilo linaloondoka kwanza.

Nyawira alitakiwa awe Othaya kabla ya saa mbili, katika hospitali ndogo anakoandikisha wagonjwa. Mwezi huo alikuwa amechelewa mara mbili. Ya tatu angefutwa kazi.

Gari la mia lilikuwa na ukungu kila upande.

"Mmoja tu, madam! Mmoja twende!" aliita Mwai, makanga.

Alilipa, akaingia. Dakika arobaini baadaye gari lilikuwa palepale. Akamgeukia jirani yake. Alikuwa Anko Kahiga, waliyemzika mwezi wa pili, ameshika kikombe cha chai moto karibu na kioo.

"Hata wewe, anko?"

"Mwai aligundua mnaangalia vioo. Siku hizi tunaambiwa tusinywe, tushikilie tu."

"Walio hai ni wangapi?"

"Watatu, wewe ukiwemo."

"Basi leo ninafutwa kazi."

Kahiga alikunywa chai yote, akawageukia wenzake kumi. Wote walikuwa wa Othaya, wakazikwa mjini kwa sababu kuwasafirisha nyumbani kulikuwa ghali.

"Watu wa kwetu, leo hatushuki."

Abiria mwingine alipofika, Mwai akaamuru mmoja apishe. Hakuna aliyesonga. Kelele zake zikamleta Wandera, askari wa trafiki.

"Toa hii gari. Imejaa."

"Afande, hawa wamekufa!"

Wandera akahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu. "Sheria inasema kumi na wanne. Haijasema wawe wanapumua."

Gari likaondoka. Mwai, amenuna, alitoza walio hai watatu nauli ya wafu kumi na mmoja. Nyawira akatoa pesa yake yote ya wiki. Wafu walishuka kwenye njia ya kiwanda cha kahawa, wakashukuru, wakapanda mlima kwenda kwao bila kuhema. Saa mbili kasoro dakika mbili Nyawira alitia sahihi kwenye daftari la kazini. Sylvia, msimamizi wake, aliangalia saa, akafunga daftari.

Kesho yake nauli ya gari lile ilikuwa mia mbili. Ndani walikaa wafu wapya, ambao Mwai alikuwa amewaleta kutoka Kutus, wasio na jamaa wala shamba Othaya. Nyawira akainama dirishani.

"Mnaondoka saa ngapi?"

"Sisi hatuendi mahali, dada," mmoja akajibu. "Tuko kazini."