Système Afukuzwa Nyamianda

Kompyuta ya Mama Zaina ilikuwa imechapa barua za nusu ya Nyamianda: za mapenzi, za kuomba kazi, na moja ya kumkana mkwe ambayo mpaka leo watu wanaikariri misibani. Asubuhi ile iligoma kuwaka. Kioo cheusi, kistari cheupe kinapepesa, basi. Na ndani yake kulikuwa na kazi ya mwisho wa masomo ya Claudette, kurasa themanini, nakala pekee. Chuo kilikuwa kinafunga kupokea saa sita mchana. Ikichelewa, binti anarudia mwaka.

Claudette hakulia. Alikaa kwenye benchi akikunja na kukunjua kitambaa chake, na hicho kilimtesa Zaina kuliko kilio.

Fundi Gratien alipofika aliuliza mashine iliguswa wapi. Zaina akaapa hakuharibu kitu, alifunga mlango tu. Barua ya mteja ilikuwa imevuja mtaani, ndipo jana akaingia kuangalia ni akina nani wenye ruhusa kwenye diski. Akakuta majina, na mmoja ana ruhusa zote.

"Nani?"

"Système."

Nani asiyemjua Système? Dereva wa pikipiki, mtu wa Luvungi, aliyewahi kubeba abiria saba na mbuzi, na mbuzi ndiye aliyeshika usukani. Simu yake haikai na moto hata nusu siku, kwa hiyo kila asubuhi anaichaji kwa Zaina, kwenye plagi ya mlangoni. Zaina alimfuta kwenye diski, kisha akatoka nje akamwita mwizi mbele ya wenzake wote.

Gratien hakucheka. Hapo ndipo Zaina alipoogopa.

"Mama, huyu Système si muntu. Iko mashini yenyewe. Weye umeifungia inje ya nyumba yake."

Akachomeka flashi, akaiamsha mashine kwa hiyo, akaandika amri ya kumrudishia Système ruhusa zake, akamwachia Zaina abonyeze mwenyewe. Mashine ikawaza weee, mpaka kitambaa cha Claudette kikachanika. Kisha ikawaka.

Wakachapa kurasa zote. Walipofunua mashine ya fotokopi ili watoe nakala ya pili, barua iliyovuja ilikuwa imelala palepale kwenye kioo. Zaina mwenyewe ndiye aliyeisahau.

Saa tano na nusu ilikuwa imepita, mvua inanyesha, na nje imebaki pikipiki moja tu. Zaina alitoka bila mwavuli. Alimwomba Système msamaha kwa maneno ambayo hata marehemu mumewe hakuwahi kuyapata, mengi akiyaambia gurudumu. Système alimsikiliza mpaka mwisho, akaingiza karatasi ndani ya koti, akampandisha Claudette.

"Minye nitamufikisha. Yeye hakunitukana."

"Na simu yako? Rudi uichaji."

"Simu iko na moto."

Ilikuwa imezimika tangu jana.

Claudette alipokelewa zikiwa zimebaki dakika tatu. Lakini plagi ya mlangoni ipo tupu hadi leo. Mteja akiikaribia, Zaina anamwambia ina mwenyewe.