Kidole cha Bi Kidawa

Pale Jibondo kila mtu alijua Mwamba Kizee unaanzia wapi, na hakuna aliyewahi kuuonyesha kwa kidole. Mwiko. Mwamba ukishaonyeshwa, walisema wa zamani, mzimu wake huhama. Bi Kidawa alirithishwa ulinzi wake na mama yake. Kila mwaka samaki wakikaribia kutaga, alikwenda maji yakitoka, akafukiza ubani, akafunga kipande cha kaniki kwenye mti uliochomekwa pale, na kwa miezi mitatu hakuna mwana wa kisiwa aliyethubutu kutupa hata mshipi. Hakuwa na askari wala bunduki. Woga ulitosha.

Ila wageni woga huo hawakuwa nao. Walikuja kutoka mbali na makokoro yao, nyavu za kuburuta, wakakokota mpaka matumbawe. Kwa hiyo watu wa hifadhi ya bahari walipoitisha kikao kuuliza mila za wenyeji, Bi Kidawa aliona Mungu kamletea wasaidizi. Wakampa kiti cha mbele. Deusdedit, ofisa kutoka bara, kijana mwenye adabu zake, akamwamkia shikamoo, akatandaza ramani mezani.

"Bibi, tusaidie tuulinde pamoja. Mpaka wake ni upi?"

Na Bi Kidawa, mtu mzima na akili zake, kichwa kikamvimba kwa kile kiti, akanyoosha kidole.

Mwanaharusi, shoga yake wa tangu utoto, akajifunika uso kwa kanga.

Maboya yakawekwa. Makokoro yakakoma, tuseme kweli. Lakini msimu wa kufunga mwamba ulipofika, Bi Kidawa akaenda na chetezo chake cha ubani, boti ya doria ikamkuta ndani ya maboya.

"Samahani, bibi," alisema Deusdedit. "Humu haruhusiwi mtu."

"Mtu gani? Si mimi niliyekuonyesha?"

"Umeandikwa kwenye taarifa yetu, bibi. Ukurasa mzima, wa mila."

Akarudishwa pwani ubani wake haujashika moto. Siku ile alilia kwa hasira, wala hakujificha.

Mwaka ukapita bila ubani, bila kaniki. Hakufa mtu, hakuugua mtoto, hakikuzama chombo. Vijana waliyaona hayo yote. Asubuhi moja, habari zilipoenea kwamba boti ya doria haina mafuta, Matano, mtoto wa kaka yake, akaja na changu mkubwa mkononi.

"Shikamoo shangazi. Kitoweo hiki."

"Marahaba. Umemvua wapi?"

Matano hakuona hata haya. "Kizee. Ulipokuwa wa mzimu, shangazi, wallahi nisingeugusa. Sasa ni wa serikali, na serikali ni ya kuviziwa tu."

Bi Kidawa akampasua yule changu. Tumbo limejaa mayai, tele. Akatafuta neno la kumkaripia Matano akalikosa, maana kila lililomjia lilimhusu yeye kwanza. Alijichukia. Nyumbani hapakuwa na kitoweo kingine, basi akamtia chumvi na ndimu, akampika kwa tui zito. Wakala, yeye na Matano, na yule samaki alikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.